Asili ya Dini ya Kiislamu, na Mambo Wanayoyaamini Waislamu



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za dini ya Kiislamu: ilianzia wapi, ililetwa na nani, na wafuasi wake wanaamini nini. Huenda baadhi yenu mtashangaa na kusema, "Mwalimu huyu ni Mkristo, amesomeshwa na wamisioni, ana shauri gani na Uislamu?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kuwasimulieni kosa nililolitenda mimi mwenyewe.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilikuwa kijana tu. Siku moja, katika somo la habari za mataifa, niliwaambia wanafunzi wangu kwamba Waislamu humwomba Muhammad. Neno hilo sikulisoma katika kitabu chochote. Nililisikia kwa watu, nikalitoa kama nilivyolipokea. Darasani palikuwa na mtoto mmoja, mwana wa mwalimu wa chuo pale kijijini. Akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Sisi hatumwombi Muhammad, twamwombea." Nikamwambia aketi. Wenzake wakacheka. Akaketi, akainamisha kichwa. Na kesho yake hakuja shule, wala kesho kutwa, wala siku zote zilizosalia za juma lile.

Jumamosi jioni nikaenda kwao, nikapiga hodi. Baba yake alikuwa ameketi barazani. Nikamwambia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," akanikaribisha, akanimiminia kahawa. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema, "Mwalimu, mwanangu nilimleta kwako ajue hesabu na kuandika. Majirani waliniambia kwamba nitampoteza, nami sikuwasikiliza. Hata ukipenda kuwaeleza watoto habari za dini yangu, sikukatazi. Lakini waeleze yaliyo kweli. Je, maneno yale uliyasoma wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamtaka radhi, naye akanifundisha mpaka wakati wa sala ya magharibi ulipofika. Jumatatu mtoto akarudi, nami nikasimama mbele ya darasa lile lile nikalisahihisha kosa langu. Kati ya kuomba na kuombea pana herufi moja tu, lakini maana zake ziko mbali kama mbingu na nchi. Kwa herufi hiyo moja nilikuwa karibu kumpoteza mwanafunzi, na kijiji kilikuwa karibu kupoteza imani yake kwa shule. Basi haya nitakayoyasema leo ni kama kulipa deni.

Sasa tutazame ramani. Arabuni ni nchi kubwa iliyo ng'ambo ya Bahari ya Sham, mkabala wa Afrika. Sehemu yake kubwa ni jangwa. Upande wa magharibi, si mbali na bahari, uko mji wa Makka, bondeni katikati ya milima ya mawe. Pale hapakuwa na mto wala mashamba, ila kisima kimoja mashuhuri kiitwacho Zamzamu. Watu wa Makka, kabila la Kureshi, waliishi kwa biashara. Misafara yao ya ngamia ilikwenda Yemeni wakati wa baridi, na Shamu wakati wa joto.

Katikati ya mji ilikuwapo Kaaba, nyumba ya mawe yenye pembe nne. Waislamu huamini kwamba nyumba hiyo ilijengwa na Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili, apate kuabudiwa Mungu mmoja. Lakini katika siku tunazozisimulia Waarabu walikuwa wameizungushia masanamu ya makabila yao. Riwaya husema yalikuwa 360. Jina la Mungu Mkuu walilijua, illa haja zao walizipeleka kwa masanamu. Makabila yalipigana kwa visasi visivyokwisha, mnyonge hakuwa na mtetezi ila jamaa zake, na wengine walidiriki hata kuwazika watoto wa kike wangali hai.

Katika mji huo, yapata mwaka 570, alizaliwa Muhammad. Baba yake, Abdallah, alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Amina, alikufa mtoto akiwa na umri wa miaka 6. Babu yake akamlea miaka miwili, naye akafa. Kisha akalelewa na ami yake, Abu Talibu. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana aliyezaliwa yatima ndiye aliyekuja kuwahimiza watu wasile mali ya yatima.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya biashara, na watu wakamwita Al-Amini, yaani mwaminifu. Mjane mmoja tajiri, Bibi Khadija, alimkabidhi mali yake aende akaiuze Shamu. Akarudi na faida na hesabu safi. Wakaoana, yeye akiwa na umri wa miaka 25.

Ilikuwa desturi yake kujitenga katika pango la mlima Hira, nje ya mji, apate kutafakari. Mwaka 610, mwezi wa Ramadhani, alipokuwa na umri wa miaka 40, alimjia malaika Jibrili, akamwamuru asome. Alirudi nyumbani akitetemeka, akamwomba mkewe amfunike nguo. Bibi Khadija akamtuliza, akampeleka kwa binamu yake, Waraka bin Naufali, mzee Mkristo aliyevijua vitabu vya kale. Mzee huyo akamwambia kwamba aliyemjia ni yule yule aliyemjia Musa. Mtu wa kwanza kumwamini alikuwa mkewe mwenyewe. Kisha wakafuata Ali, mwana wa ami yake, na Zaidi, mtumwa aliyemwacha huru, na rafiki yake Abu Bakari.

Alipoanza kuhubiri waziwazi kwamba Mungu ni mmoja na masanamu si kitu, wakubwa wa Kureshi walikasirika. Heshima yao na faida yao zilitegemea mahujaji waliokuja kuyazuru masanamu hayo. Wakawatesa wafuasi wake, hasa wanyonge. Bilali, mtumwa mwenye asili ya Habashi, alilazwa juani mchangani, akawekewa jiwe zito kifuani ili aikane imani yake. Naye hakuacha kutamka kwamba Mungu ni mmoja. Baadaye Abu Bakari alimnunua akamwacha huru, na Bilali ndiye aliyekuwa mwadhini wa kwanza wa Waislamu. Basi sauti ya kwanza ya adhana duniani ilikuwa sauti ya mtu wa asili ya Afrika.

Mateso yalipozidi, yapata mwaka 615, Mtume aliwashauri baadhi ya wafuasi wake wavuke bahari wakimbilie Habashi, kwa kuwa huko alitawala mfalme mwadilifu. Mfalme huyo, Najashi, alikuwa Mkristo. Kureshi walituma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi akawaita wakimbizi wajieleze. Jaafari, ndugu yake Ali, akamsomea maneno ya Kurani yanayosimulia habari za Bibi Mariamu na kuzaliwa kwa Isa. Riwaya husema mfalme alilia, akazirudisha zawadi, akawaambia wakimbizi wakae kwa amani. Wanafunzi, habari hii msiisahau. Jamii ya kwanza ya Waislamu ilipotafuta mahali pa kujificha ng'ambo ya bahari, iliyapata kwa Wakristo, katika bara letu la Afrika. Na Najashi hakukata shauri kabla ya kuwasikiliza wenyewe.

Mwaka 622 Mtume na wafuasi wake walihama Makka, wakaenda mji wa Yathribu, upande wa kaskazini, mji uitwao Madina tangu wakati huo. Kuhama huku ndiko kuitwako Hijra, na ndipo Waislamu waanziapo kuhesabu miaka yao. Huko Madina Mtume alikuwa mwalimu, mwamuzi na mtawala. Palitokea vita kati ya watu wa Madina na Kureshi: Badri mwaka 624, Uhudi mwaka 625, na vita vya Handaki mwaka 627. Hata mwaka 630 akaingia Makka na jeshi kubwa, karibu pasipo kumwaga damu. Akayavunja masanamu, na wengi wa maadui zake wa zamani akawasamehe. Mwaka 632 alikwenda kuhiji mara ya mwisho, na mwaka huo huo akafariki Madina, ndiko aliko kaburi lake.

Siku ile ya kufa kwake wafuasi wengi walishindwa kuamini. Hata Umari, mtu shujaa, alikataa kabisa kwamba Mtume amekufa. Ndipo Abu Bakari akawatokea watu, akawaambia kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad na ajue kuwa Muhammad amekufa. Bali amwabuduye Mungu na ajue kuwa Mungu yu hai, hafi. Laiti ningaliijua habari hii siku nilipofanya kosa langu! Maana jibu la mtoto yule lilikwisha kutolewa tangu siku ya kwanza, na mtu aliyekuwa karibu sana na Mtume.

Sasa tutazame imani yao. Neno Islamu maana yake ni kujitoa na kunyenyekea kwa Mungu. Waislamu huamini mambo sita: kwanza Mwenyezi Mungu mmoja, asiye na mshirika, pili malaika wake, tatu vitabu vyake, yaani Taurati, Zaburi, Injili na Kurani, nne mitume wake, tangu Adamu, na Nuhu, Ibrahimu, Musa, Daudi na Isa, hata Muhammad aliye wa mwisho, tano Siku ya Mwisho, siku ya hukumu, na sita kadari, kwamba mambo yote yamo katika ujuzi na uwezo wa Mungu.

Kurani, kwa imani yao, si maneno ya Muhammad bali ni maneno ya Mungu aliyoteremshiwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23 hivi. Ina sura 114. Watu waliihifadhi kwa moyo na kuiandika katika ngozi, mifupa na makuti ya mitende. Baada ya Mtume kufa, Zaidi bin Thabiti aliikusanya kwa amri ya Abu Bakari. Na Khalifa Uthmani, aliyetawala tangu mwaka 644 hata 656, akaandikisha nakala zilizopelekwa katika miji mikubwa. Tafsiri za Kiswahili zipo, kama ile ya Shehe Abdullah Saleh Farsy iliyotimizwa mwaka 1969. Lakini katika sala husomwa Kiarabu chake.

Pamoja na imani kuna matendo, na haya ndiyo nguzo tano.

Nguzo ya kwanza ni shahada, kukiri kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Mwislamu alitajapo jina la Mtume humtakia rehema na amani kwa Mungu. Huko ndiko kumwombea alikokusema mtoto yule.

Nguzo ya pili ni sala tano kila siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Kabla ya kusali hutia udhu kwa maji safi, kisha huelekea Makka. Siku ya Ijumaa wanaume hukusanyika msikitini kwa sala ya jamaa. Hapa nataka wanafunzi mwone jinsi Ijumaa ilivyoijenga lugha yetu. Jumamosi ni siku ya kwanza, maana mosi ni moja. Nayo ni ya kwanza baada ya Ijumaa. Jumapili ni ya pili, na Jumatano ni ya tano. Kisha huja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo maana yake pia ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao Jumapili. Basi juma letu lina siku za tano mbili! Nasi Wakristo tunaokwenda kanisani Jumapili, twaihesabu siku yetu kwa kuanzia Ijumaa ya jirani zetu. Hata maneno sala, dini, imani, dhambi, toba, sadaka na malaika, tuyatumiayo makanisani, asili yake ni Kiarabu.

Nguzo ya tatu ni zaka. Mwenye mali iliyofikia kiasi kilichowekwa, ikakaa mwaka mzima, hutoa sehemu moja katika arobaini: mwenye akiba ya shilingi 4,000 hutoa shilingi 100. Zaka si hisani ya tajiri, bali ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali yake. Mazao na mifugo vina hesabu zake mbali.

Nguzo ya nne ni kufunga mwezi wa Ramadhani, bila kula wala kunywa, tangu alfajiri hata jua kuchwa. Mgonjwa na msafiri hupewa ruhusa kufungua, wakalipa siku nyingine. Watu wengi huuliza kwa nini Ramadhani huja mara katika masika, mara katika kiangazi. Sababu ni kwamba miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi, na mwaka wake una siku 354 au 355. Ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na katika muda wa miaka 33 hivi huwa imezunguka majira yote. Waswahili wa kale waliihesabu miezi kwa kuanzia siku ile ya kufungua: mwezi unaofuata Ramadhani ni Mfunguo Mosi, na unaofuata huo ni Mfunguo Pili.

Nguzo ya tano ni kuhiji Makka mara moja katika maisha, kwa mwenye nguvu na mali ya safari. Haji ni katika mwezi wa Mfunguo Tatu. Wanaume huvaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, hata asijulikane tajiri wala maskini. Huizunguka Kaaba mara saba, na wengine hulibusu Jiwe Jeusi lililo katika pembe yake. Msidhani kwamba wanaliabudu: Khalifa Umari alikumbusha waziwazi kwamba ni jiwe tu, lisilodhuru wala kunufaisha.

Je, Waislamu wote ni hali moja? Katika mambo hayo ya msingi, wengi sana wao ni wamoja. Lakini baada ya Mtume kufa walikhitilafiana juu ya nani awaongoze. Wasuni, walio wengi, huwakubali makhalifa wanne kwa taratibu yao: Abu Bakari, Umari, Uthmani na Ali. Mashia husema haki ilikuwa ya Ali na kizazi chake. Waibadhi, walio wengi Omani, wana mafundisho yao pia.

Na dini hii ilifikaje kwetu? Haikuja kwa jeshi, bali kwa majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi na kurudishwa na kusi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale waliona mabaki ya msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, pana maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakisali katika misikiti yao. Basi anayesema kwamba Uislamu ni mgeni wa jana katika pwani yetu, hajui habari za nchi yake.

Sikusudii kuwaambia kwamba dini zetu mbili ni moja. Waislamu humheshimu Isa kuwa ni nabii mkubwa aliyezaliwa na Bikira Mariamu, lakini hawakubali kwamba ni Mwana wa Mungu, wala kwamba alikufa msalabani. Sisi Wakristo twaamini vingine, na khitilafu hiyo ni kubwa, haifai kuificha. Lakini ni afadhali watu wawili wakhitilafiane katika jambo wanalolijua, kuliko kugombana kwa jambo ambalo halipo.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Basi walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, na ninyi nyote wa mashambani na mijini, mkitaka kusema neno juu ya dini ya jirani, Mkristo kwa Mwislamu na Mwislamu kwa Mkristo, kwanza jiulizeni hivi: je, mwenye dini hiyo akilisikia neno langu, ataweza kuitika, "Naam, ndivyo"? Akiweza, semeni. Asipoweza, nendeni barazani kwake mkaulize. Mimi nilikaribishwa kwa kahawa, na naamini ninyi pia mtakaribishwa.